Mwaka wa fasihi na filamu London: uzoefu wangu, na kama ningeenda tena

Wiki ya nne ya masomo mhadhiri alizima taa akatuwekea filamu fupi ya mwaka 1936. Jina lake lilipotokea kwenye ukuta nilidhani nimesoma vibaya, maana ndani yake mlikuwa na neno Kingolwira. Mimi ni mtu wa Morogoro. Kingolwira ni pale basi la kutoka Dar linapokaribia kuingia mjini, na ukilitaja jina hilo kwa wengi wetu wanafikiria gereza. Nilikaa pale kwenye giza nikitafuta milima ya Uluguru nyuma ya vichwa vya watu, huku wenzangu kumi na mmoja wakiandika notisi.

Taa zilipowashwa wakajadili karibu saa nzima: kamera imesimama wapi, nani anasema na nani anasemewa, kwa nini mkulima anaonyeshwa kwa mbali na mtaalamu kwa karibu. Mwisho nikanyoosha mkono nikasema hapo ni kwetu. Mhadhiri akafurahi sana, akaniuliza ninaona nini ambacho wao hawakioni. Sikuwa na jibu. Fasihi nilikuwa nimeisoma miaka mitatu nyumbani, ninaweza kukuchambulia shairi vina na mizani mpaka ulale, lakini kwamba Tanganyika ilikuwa na karakana ya filamu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia sikuwahi kuambiwa na mtu.

Naanza na hilo kwa sababu wadogo zangu wananiuliza kila wiki kama hii shahada inafaa, na jibu langu limo humo. Kwa waliotaka kusikia habari za ada kwanza, nakuja.

Nilisoma shahada ya uzamili ya fasihi na filamu, mwaka mmoja, kuanzia Septemba 2024. Chuo sitakitaja kwa kuwa nina malalamiko na sitaki kesi. Ada yangu ilikuwa pauni 22,000, nusu ikalipwa na ufadhili wa chuo, nusu ikatoka kwa kaka yangu, akiba yangu ya miaka minne ya kufundisha, na kiwanja ambacho mama bado anakitaja tukigombana. Mgeni analipa zaidi ya mara mbili ya mwenyeji kwa darasa lilelile na kiti kilekile. Juu ya hapo kuna ada ya viza, kipimo cha kifua kikuu ambacho waombaji kutoka Tanzania wanatakiwa kufanya, na ile tozo ya afya ya wahamiaji. Hii ya mwisho iliniumiza kwa sababu sikuipigia hesabu vizuri. Kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka, nikaweka 776. Kumbe kozi ikifika miezi kumi na miwili viza inaongezwa miezi minne mbele ya kozi, na hiyo minne inatozwa kama nusu mwaka. Jumla pauni 1,164, zinalipwa zote kwa mkupuo kabla hujaona hata uwanja wa ndege. Andika namba hiyo mahali, na uangalie kama haijapanda.

Kazi unaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Ndugu zetu wa zamani wanaita kubeba boksi. Mimi sikubeba boksi, niliosha sufuria kwenye mgahawa wa Kituruki, na nasema bila aibu kwamba bila zile sufuria nisingemaliza. Ila usidanganywe kwamba saa 20 zitalipa ada. Zinalipa chumba, kama chumba ni kidogo na kiko mbali, na nauli.

Sasa masomo yenyewe. Mfumo ni huu: krediti 180, yaani uzito wa kozi na si alama za mtihani, ambapo 120 ni za kozi za darasani na 60 ni tasnifu. Darasani unakaa saa chache mno. Kuna wiki nilikuwa na saa sita tu za semina. Mara ya kwanza nilihisi nimeibiwa. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kazi iko nje ya darasa. Kila wiki riwaya nzima, filamu moja au mbili, na makala tatu za nadharia, na ukifika hakuna mtu wa kukusomea. Mhadhiri anauliza swali moja kisha ananyamaza. Ananyamaza kweli, mpaka unasikia mabomba ya joto yakigonga ukutani. Sisi tuliozoea kuandika anachosema mwalimu tunateseka. Wiki tatu za kwanza nilikuwa nangoja atoe notisi.

Kilichonifaa kuliko vyote ni kufundishwa kutazama taratibu. Kuna siku tulikaa na picha moja ya dakika mbili, haijakatwa, kwa saa nzima na nusu. Tulirudia mara saba au nane. Mara ya kwanza unaona mwanamke anapika. Mara ya nne unaona mlango umeachwa wazi makusudi. Mara ya saba unasikia redio ambayo ilikuwepo tangu mwanzo na hukuisikia. Nilitoka pale nikiwa na hasira, kwa sababu nilikumbuka filamu zote nilizokuwa nimezitazama maishani huku natafuna karanga. Na jambo hili linarudi kwenye vitabu: ukishazoea kuuliza kamera iko wapi, unaanza kuuliza msimulizi wa riwaya amesimama wapi, anamchungulia nani, anamficha nani. Uhakiki wangu wa fasihi ulibadilika kwa sababu ya filamu. Sikulitarajia hilo, nilichagua kozi ya mchanganyiko kwa kuwa ufadhili ulikuwa huko.

Jambo dogo lakini liliniganda: wahadhiri wanataka uwaite kwa jina la kwanza. Mama mtu mzima, ana mvi, ana vitabu sita, unamwita jina tupu kama mnacheza rede pamoja. Sikuweza. Mwaka mzima niliandika barua pepe zangu kwa “Profesa”, naye mwaka mzima akanijibu kwa kuweka jina lake la kwanza chini. Hakuna aliyeshinda.

Malalamiko. Kozi iliitwa ya fasihi na filamu za dunia, lakini Afrika ilipewa wiki mbili, na katika wiki hizo mbili hapakuwa na kazi hata moja iliyoandikwa kwa lugha ya Kiafrika. Nilipotaka kuandika insha juu ya riwaya ya Kiswahili niliambiwa ni sawa, ila kila nukuu niitafsiri mwenyewe, na tafsiri ihesabiwe kwenye idadi ya maneno. Mwenzangu aliyeandika juu ya riwaya ya Kiingereza alikuwa na maneno 4,000 ya hoja. Mimi nilikuwa na kama 3,200, yaliyobaki yalikwenda kumweleza msahihishaji kitu ambacho mtoto wa kidato cha pili anakijua. Nililalamika kwa maandishi, nikajibiwa kwa upole mwingi, na hakuna kilichobadilika. Msimamizi wangu wa kwanza naye alikwenda likizo ya utafiti mwezi wa pili na barua ya kunijulisha ilinifikia baada ya yeye kuondoka. Na alama: kufaulu ni 50, na 70 ndiyo daraja la juu. Insha yangu ya kwanza nilipata 54, nikalia chooni. Maoni yalisema ninaeleza sana na kudai kidogo. Walisema kweli, lakini ukweli huo ungesemwa wiki ya pili ungenisaidia zaidi.

Desemba pia sitaisahau. Saa kumi alasiri jua limeshazama. Si mawingu, limezama kabisa, na wewe bado una semina.

Kilichookoa mwaka wangu ni jiji. Mtu akiniuliza pesa zilikwenda wapi, namwambia darasa lilinipa macho, lakini vya kutazama vilikuwa mtaani. Nenda BFI Southbank, kituo cha Taasisi ya Filamu ya Uingereza, pale ukingoni mwa mto Thames. Kuna maktaba ya filamu, unaingia bure hata kama si mwanafunzi, na kuna chumba cha Mediatheque ambamo unakaa kwenye kiti na kufungua filamu za hifadhi yao bila kulipa senti. Tiketi za sinema zao ni rahisi sana kwa walio na miaka 25 kushuka chini. Mimi nilikuwa na 28. Mungu anajua kupanga. Kwa filamu za zamani kwa bei ya kuvumilika nilikwenda jumba la sinema la Prince Charles, karibu na Leicester Square, ambako bado wanaonyesha mikanda halisi ya milimita 35, unaona hata mikwaruzo yake.

Na maktaba ya SOAS, chuo cha London cha masomo ya Asia na Afrika. Wanafunzi wa uzamili wa vyuo vingine wanaweza kuomba kadi ya kuingia kupitia SCONUL, mpango wa maktaba za vyuo kupokea wasomaji wa vyuo vingine, usiache kuomba. Niliposhuka kwenye rafu za Kiswahili niliketi sakafuni. Riwaya za miaka ya 1970 zilizochapwa Dar es Salaam na Nairobi, ambazo nyumbani nilizisoma kwa fotokopi ya fotokopi, zipo pale na majalada yao. Wana pia miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu, mingine kutoka kwa Taylor, yule mmisionari aliyekaa Mombasa na kukusanya mashairi. Unaweza kusikia uchungu kwamba viko huko na si kwetu. Nilisikia. Kisha nikaendelea kusoma, kwa sababu kadi yangu ilikuwa inakwisha Agosti.

Narudi Kingolwira. Baada ya ile semina nilifuatilia, nikajua filamu ile ilitoka kwenye mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ulioendeshwa kati ya 1935 na 1937 kwa fedha za Carnegie Corporation, makao yake yakiwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Walitengeneza filamu zaidi ya thelathini za kilimo, afya na mambo kama hayo, wakazizungusha kwa gari vijijini. Zilizosalia ni chache sana. Lakini kilichonifanya nisilale ni suala la sauti. Maelezo hayakuwa ndani ya mkanda, yaliwekwa kwenye santuri pembeni, ili picha ileile ipewe Kiswahili hapa na lugha nyingine kule.

Nikacheka peke yangu maktaba. Lufufu!

Kama umekulia Tanzania huhitaji maelezo. Kibanda umiza, yaani ukumbi wa video wa mtaani, mabenchi, mkanda wa Kihindi au wa Kichina, na juu yake sauti ya Lufufu anatafsiri, anatania, anampa mwigizaji wa Hong Kong shangazi wa Manzese. Kenya wana DJ Afro wao. Nilipolileta hili kwenye semina nilitegemea watacheka kwa huruma. Badala yake mhadhiri akatuambia habari za benshi, wasimulizi wa Japani waliosimama kando ya pazia enzi za filamu bubu na kuzisimulia, wengine wakiwa na umaarufu kuliko waigizaji wenyewe. Kwa mara ya kwanza mwaka ule niliongea dakika kumi bila kuogopa kiima na kiarifu cha Kiingereza changu. Tasnifu yangu ikazaliwa hapo: msimulizi wa kibanda kama msimulizi wa ngano, mtu anayeichukua hadithi ya wengine na kuifanya ya hadhira yake papo hapo.

Nilipata 66. Msahihishaji mmoja alisifu hoja na kulaumu ushahidi, na alikuwa sahihi. Nilikwenda London bila rekodi hata moja ya maana. Nilitegemea vipande vya YouTube vyenye sauti mbovu na kumbukumbu zangu za utotoni pale Msamvu. Simu tatu nilizopiga nyumbani kumwomba binamu yangu anitafutie CD ziliishia kwenye “nitaangalia, dada”.

Kwa hiyo, ningeenda tena? Kwa ufadhili kamili, ndiyo, hata kesho. Kwa nusu kama mimi, ndiyo, lakini ningeuza kitu kingine si kiwanja. Kwa pesa yako yote ya mfukoni, hapana, na anayekwambia vinginevyo huenda ni wakala. Anayetaka kujifunza kushika kamera pia asiende kozi kama hii. Sisi hatukushika kamera hata siku moja, na kuna kijana wa Lagos aliyegundua hilo baada ya kulipa. Soma orodha ya kozi, si picha za kwenye tovuti.

Na uende na mzigo wako. Kabla ya kuondoka rekodi bibi yako anayesimulia, piga picha mabango ya sinema iliyofungwa, kusanya kanda za yule jirani aliyekuwa na kibanda. Huko watakupa njia za kutazama, ila cha kutazama cha kwetu hawatakuwa nacho, au watakuwa nacho cha 1936.

Nimerudi Morogoro tangu Oktoba. Binamu hatimaye ameangalia. Ameniletea boksi la CD kutoka kwa mzee mmoja wa Mji Mpya, nyingi zimekwaruzika, ishirini na mbili zinacheza.