Kadi ya Racing Post na alama za Timeform: zinakusaidiaje kuchagua farasi wa mbio za kuruka?

Anayefungua kadi (orodha ya farasi wa mbio) ya Racing Post, gazeti la mbio za farasi la Uingereza, kwa mara ya kwanza hukimbilia safu tatu za namba: OR (alama rasmi), TS (alama ya muda) na RPR (alama ya gazeti lenyewe). Anamtafuta farasi mwenye namba kubwa, anamtia kwenye mkeka, na jioni mkeka umechanika. Kadi haina kosa. Kwa mbio za kuruka za Uingereza na Ireland ni miongoni mwa zana bora zilizopo, na sehemu kubwa yake inasomeka bila kulipa hata senti. Tatizo ni kuanza na namba na kuyaacha maandishi madogo, wakati thamani ya kadi hii iko kwenye maandishi madogo. Hapa tunaipima sambamba na Timeform, kampuni inayotoa alama za farasi, kwa kazi moja tu: kuchambua mbio za kuruka kabla hazijakimbiwa.

Mchezo wenyewe una sura mbili. Viunzi ni vyepesi, vina futi 3 na inchi 6, na farasi akivigonga hulala kidogo. Nyua za fito ni ngumu zaidi, zinaanzia futi 4 na inchi 6, yaani mita 1.37, na hazisamehe. Masafa huanzia karibu maili 2 na kupita maili 4 kwa Grand National ya Aintree, yenye nyua 30 na, tangu 2024, farasi wasiozidi 34. (Zile mita 3,000 za kuruka viunzi na maji ambazo Wakenya walizitawala kwa miaka mingi zilizaliwa kutokana na mchezo huu wa farasi, ila kizuizi cha wanaume kwenye riadha ni sentimita 91.4 tu.) Aliyezoea mbio za tambarare kama za Ngong asahau habari ya namba ya kibanda cha kuanzia. Huku hakuna vibanda, farasi huanza nyuma ya utepe.

Tuchukue mstari wa mfano: 1P/32F-41, siku 34 (tangu akimbie mara ya mwisho), CD, p1, uzito 11-4 (stoni 11 na ratili 4), OR 128.

Husomwa kutoka kushoto, na mbio za karibuni ziko mwisho kulia. Huyu ameshinda mara ya mwisho, na kabla ya hapo alikuwa wa nne. Kistari kinatenganisha msimu na msimu. Mkwaju ni pengo kubwa zaidi, na kwa farasi wa kuruka pengo la namna hiyo mara nyingi maana yake ni jeraha la kano. Sifuri ni nafasi ya kumi au chini zaidi. P ni kusimamishwa na joki kabla ya kumaliza, F ni kuanguka, U ni kumwangusha joki, B ni kuangushwa na mwenzake aliyeanguka mbele, na R ni kugoma. B haina lawama yoyote. Ukimkuta farasi mwenye B ambaye bei yake imepanda, simama umwangalie vizuri.

F ndiyo herufi inayodanganya kuliko zote. Aliyeanguka kwenye ua wa kwanza na aliyeanguka kwenye wa mwisho akiwa ameshawaacha wenzake wanaandikwa sawa. Annie Power mwaka 2015 pale Cheltenham aliangukia kiunzi cha mwisho ushindi ukiwa mkononi. Kwenye kadi ilibaki F kavu. Mwaka uliofuata alitwaa Champion Hurdle, mbio kubwa ya viunzi. Kwa hiyo kila F, U na P ifungue: bonyeza matokeo ya siku ile usome maelezo ya farasi huyo. Hapo ndipo Racing Post inapolipa, maana kila farasi aliyekimbia ana sentensi yake inayosema alikaa wapi, alikosea kizuizi cha ngapi, alichoka wapi. Maneno ya kutafuta ni "mistake" na "blundered", yaani kukosea na kukosea vibaya, "not fluent" kwa kuruka kwa kusitasita, na "jumped right" au "jumped left", yaani kuruka huku akivutia upande mmoja. Hilo la mwisho ni dhahabu. Farasi anayevutia kulia kwenye uwanja unaozunguka kushoto kama Cheltenham au Haydock hupoteza ardhi kwenye kila ua, na katika maili 3 hasara hiyo hurundikana. Mpeleke Kempton au Sandown, ambako huzungukia kulia, na unaweza kudhani ni farasi mwingine. Si sheria ya msumari: Desert Orchid, aliyejulikana kupenda kulia, alishinda Gold Cup ya Cheltenham mwaka 1989 kwenye tope.

CD inasema ameshawahi kushinda uwanja huo kwa masafa hayo. Nzuri, ila ina tundu. Cheltenham ina njia mbili, ya zamani na mpya, na tamasha la Machi hutumia ya zamani siku mbili za kwanza na mpya siku mbili za mwisho. C haikuambii alishinda ipi, wala kama ilikuwa kwenye viunzi au nyua. Aintree ni hivyo hivyo: Mildmay ni njia isiyo na miinuko, yenye kona za karibu, na njia ya Grand National ni dunia nyingine.

p1 ni vipande vya manyoya vya mashavuni vinavyovaliwa kwa mara ya kwanza. b ni vifunika macho, h ni kofia ya kumtuliza, t ni ulimi uliofungwa ili apumue vizuri. Ile 1 ndiyo ya kuangalia, kwa kuwa mkufunzi anajaribu kitu. Tangu 2018 wakufunzi wa Uingereza wanatakiwa pia kutangaza upasuaji wa njia ya hewa, na kadi huonyesha. Farasi aliyekuwa akiongoza kisha anakata pumzi karibu na mwisho, halafu anarudi baada ya upasuaji huo, anastahili dakika zako tano.

Sasa namba. OR ni alama rasmi ya mamlaka ya mbio, na kwenye handikapu, yaani mbio ambazo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi, ndiyo inayopanga uzito: ratili moja kwa kila alama. Kama farasi wa juu ana 138 na anabeba 12-0, huyu wetu wa 128 anabeba 11-4, kwa sababu stoni moja ni ratili 14. Joki mwanagenzi akipunguziwa ratili 5, anabaki na 10-13. Kwenye mbio za kuruka, ratili moja huhesabiwa takriban sawa na urefu wa farasi mmoja mwishoni. Ratili 5 kwa hiyo si jambo dogo, mradi kijana mwenyewe anajua kupanda.

RPR ni maoni ya wachambuzi wa gazeti kuhusu kiwango alichokimbia. Kwa kawaida hukaa juu kidogo ya OR, na hapo wengi huteleza: wanaona 128 na 137 wakadhani wameokota farasi aliyepewa uzito mdogo kwa bahati. Linganisha RPR za farasi hawa kwa hawa, usilinganishe RPR na OR ya farasi yuleyule. TS hutokana na muda, na kwa mbio za kuruka ndiyo safu dhaifu kuliko zote. Mbio nyingi za maili 3 huenda taratibu hadi nusu, na wakati wa baridi jua la chini likiwapiga farasi machoni, vizuizi kadhaa huondolewa. Muda wa siku kama hiyo haulingani na wa siku nyingine.

Timeform ni ya zamani zaidi. Phil Bull aliianzisha mwaka 1948 na makao yake ni Halifax, wakati Racing Post ilianza 1986 kwa mkono wa Sheikh Mohammed wa Dubai. Alama ya Timeform ya farasi Arkle, 212, haijafikiwa tangu miaka ya 1960. Lakini kwa mchaguaji wa leo, thamani yake iko kwenye herufi ndogo zinazobandikwa baada ya namba. p (si ile p ya mashavuni) ni farasi anayetarajiwa kupanda, P kubwa anatarajiwa kupanda sana, x ni mrukaji mbovu, na § ni asiyeaminika. 140p mwenye mbio tatu tu maishani ni bora kwangu kuliko 144 aliyekimbia mara 30, hasa kwenye mbio za wanaoanza nyua. 150x kwenye uwanja wa nyua ngumu ni mtego. Kadi za Timeform huja na alama zilizokwisha kurekebishwa kwa uzito wa siku hiyo. Anayeketi kutoa ratili tena anahesabu uzito mara mbili. Kumbuka pia kwamba Timeform iko chini ya Flutter, wenye Betfair, na bei zinazoonekana kwenye Racing Post ni viungo vya kampuni za kubeti. Hilo halichafui alama, ila linaeleza kwa nini kila ukurasa unakusogeza uweke dau.

Kisichokuwemo kwenye kadi hizi mbili ni asubuhi ya siku yenyewe. Kadi kamili hutoka baada ya saa nne asubuhi ya Uingereza siku moja kabla, ambayo kwetu wakati wa baridi ni saa saba mchana. Mbio kubwa kadhaa hupangwa mapema zaidi. Ukichambua jioni uwanja ukiwa laini kiasi, mvua ya usiku inaweza kuufanya tope zito kabla ya mbio ya kwanza. Rudi asubuhi uangalie hali ya uwanja, kisha angalia farasi wako alishindia ardhi ya aina gani, wala si alisemekana kupenda nini. Halafu angalia waliojitoa. Hapo pana mtego wa hesabu. Kubeti kushinda na nafasi, yaani dau mbili sawa, moja la kushinda na moja la kumaliza nafasi za mbele, kwa farasi 8 au zaidi hulipa nafasi 3 kwa moja ya tano ya bei. Kwa farasi 5 hadi 7, nafasi 2 kwa moja ya nne. Weka shilingi 1,000 kila upande kwa farasi wa 12/1 (faida mara 12 ya dau), akawa wa tatu kati ya 8: unapokea 3,400. Akijitoa mmoja wabaki 7, nafasi ileile ya tatu hailipi kitu. Mbio zenye farasi 8 kamili ziache hadi dakika za mwisho. Handikapu ya farasi 16 au zaidi hulipa nafasi 4 kwa moja ya nne, na huko ndiko kazi yote hii ya herufi huwa na faida.

Kuhusu vidokezo: aya fupi ya Racing Post iitwayo Spotlight chini ya kila farasi ni nzuri sana, kwa kuwa inataja sababu. Jina la mshindi anayependekezwa lipite tu. Wasomaji wote wameliona na bei imeshashuka.

Anayebeti Jumamosi tu na tamasha la Machi hahitaji kulipia. Kadi ya bure ya Racing Post, maelezo ya matokeo, na orodha ya OR ambayo BHA, mamlaka ya mbio ya Uingereza, huisasisha kila Jumanne bila malipo vinamtosha. Timeform ilipie kama unafuata farasi wachanga, wa viunzi na wa nyua, kuanzia Novemba hadi Aprili, maana p na x ndipo zinapofanya kazi. Ukiingia Mei, farasi wakali wengi wa kuruka wameshapelekwa malishoni, basi sitisha usajili hadi vuli.