Saundiba yangu: mabomu nayasikia, maneno siyasikii

Nimevumilia tangu masika, sasa nasema. Kama unatafuta saundiba, ile spika ndefu ya kuweka chini ya TV, ili usikie watu wanaongea nini kwenye filamu, hii niliyouziwa Kariakoo usiiguse. Mabomu utayapata, tena ya kutosha na chenji. Maneno ndiyo hakuna.

Usiku wa filamu kwangu uko hivi: mpelelezi anamnong'oneza mwenzake jambo ambalo ndilo filamu yote. Naongeza sauti. Bado. Naongeza tena, nainama mbele. Mara gari linalipuka, sabufa inatikisa vikombe kabatini, mtoto anaamka analia, jirani wa chumba cha pili anagonga ukuta. Napapasa rimoti gizani. Nikishaipunguza, jamaa wameshaanza kunong'ona upya na muuaji ametajwa zamani.

Nikarudi dukani. Sikwenda kwa shari, nilikwenda kuuliza tu. Yule kijana aliyeniita bosi kila neno la pili siku ya kuuza, safari hii hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Kaka, kifaa kizima hicho. Kasafishe masikio." Wateja waliokuwepo wakaangua kicheko. Nina hasira naye hadi leo, na nusu ya nyota ninazoinyima saundiba hii ni zake yeye.

Aliyenisaidia ni fundi redio wa mtaani kwetu, mzee asiye na haraka. Aliligonga boksi kwa kidole palipoandikwa 5.1 kwa herufi kubwa, yaani spika tano na sabufa moja, akaniuliza, "Spika ya katikati iko wapi, baba?" Haipo! Kuna ya kushoto, ya kulia na sabufa, basi. Filamu ikichanganywa kwa 5.1, maongezi karibu yote huwekwa kwenye hiyo ya katikati. Isipokuwepo, maneno yanagawanywa kushoto na kulia, huko huko ambako muziki na risasi zimeshajaa. Na mchanganyiko wenyewe ni wa ukumbi wa sinema, ambako spika hupimwa kwa desibeli 85 na kuachiwa nafasi ya kupanda hadi 105. Sasa 105 ya nini kwenye chumba cha tofali na bati, feni inanguruma juu ya kichwa? Ukishusha usisumbue watu, maneno yanazama kwenye feni. Mvua ikinyesha ndiyo usiseme.

Mzee akaenda kwenye programu ya filamu, akaacha sauti ya 5.1 na kuchagua stirio, ile ya kushoto na kulia tu. Kwenye saundiba akawasha hali ya usiku, ile inayobana makelele yasipande na kuinua yaliyo chini, kisha sabufa akaishusha karibu yote. Jamani! Nilisikia mtu anahema. Nilisikia jina la muuaji nimeegemea kochi. Hapo nikawa tayari kuisifia mbele za watu: kumbe chombo kizuri, tatizo ni kuuziwa na mtu asiyejua anachouza.

Wiki haijaisha, umeme ukakatika. Uliporudi, saundiba imesahau kila kitu. Hali ya usiku imezimika, sabufa iko juu, na mlipuko wa kwanza ulitukuta wote tumekaa kwa amani. Nani anatengeneza kifaa cha kuuzwa huku kwetu kisichoweza kukumbuka mpangilio umeme ukikatika? Kila ukirudi naanza upya, na skrini haina, kuna kitaa tu kinachowaka bluu mara mbili, kikimaanisha sijui nini. Mke wangu amehamia filamu za kutafsiriwa na madijei. Humo DJ anafunika mabomu, muziki na waigizaji wenyewe, na sijasikia mtu akilalamika kwamba maneno hayasikiki.

Nyota moja. Haya, mbili, kwa sababu ya mpira: mtangazaji anatoka safi, mashabiki wako nyuma yake, utadhani umekaa kwa Mkapa. Nimeshaitangaza, laki mbili na rimoti yake, njoo uchukue. Ila usije siku ya Simba na Yanga, siku hiyo haiuzwi.