Kitimoto ya Sinza isiyo na bango: nyama safi, ila mimi nimeipendea lile jiko la getini

Wakuu habari zenu. Kuna sehemu ya kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, Sinza hapa Dar, mitaa ya ndani kabisa, kila nikiweka picha ya sinia lake watu wananijaza maswali, ni wapi, bei gani, gari inapaki wapi, sasa leo naandika yote kwa mkupuo. Jina siwapi kwa sababu haina jina. Hakuna bango, hakuna mchoro wa nguruwe anayecheka ukutani, kuna geti la bluu, moshi, na meza za plastiki chini ya mwembe. Ukifika mitaa ile uliza bodaboda yeyote, na kuna uwezekano mkubwa atakayekuelekeza ni Muislamu ambaye hajawahi kuonja hiyo kitu maishani na hana mpango huo, ila njia anaijua vizuri kuliko wewe mlaji.

Hilo la kutokuwa na bango nilimuuliza mama mwenye eneo, akanijibu kifupi tu, "Msikiti uko mtaa wa pili baba, wanaotaka kula watanifuata." Wenye umri wanakumbuka mwaka 1993 hapa hapa Dar mabucha ya nguruwe yalivamiwa yakabomolewa, ikawa kesi kubwa ya nchi nzima. Siku hizi hakuna anayegombana, ila biashara ya kitimoto mjini bado ina hiyo tabia ya kukaa nyuma ya geti, na kiukweli mimi naona ni ustaarabu zaidi kuliko uoga.

Tuje kwenye nyama maana ndio iliyotupeleka. Bucha iko mbele, nyama inaning'inia na muhuri wa mkaguzi unaonekana, unachagua mwenyewe kama unataka mbavu, paja au mchanganyiko, mzani umekuangalia wewe, hakuna kugeuziwa kisogo. Kilo ni 14,000 pamoja na kupikwa, nusu wanakata, robo hawapendi ila ukibembeleza wanakubali. Wanaichemsha kwanza na chumvi, tangawizi na ndimu mpaka maji yakauke, halafu inaanza kujikaanga kwenye mafuta yake yenyewe, mwisho ndio kitunguu, hoho na nyanya kidogo kama umesema rosti. Mimi ni mtu wa kavu. Kavu yao ngozi inalia kabisa mdomoni na ndani nyama bado ina maji yake, hiyo kazi sio ndogo, sehemu nyingi kavu ni kuni.

Lawama kubwa ya watu ni kuchelewa, na ni kweli, kama saa nzima mnakaa mnaangalia moshi. Mimi hapo nawatetea. Ukiona kitimoto iliyopimwa mbichi sasa hivi inaletwa mezani eti imeiva ndani ya dakika kumi na tano nyanyuka uondoke, maana nyama ya nguruwe isiyoiva inaweza kuwa na vifuko vya tegu, yule mnyoo, na ukimla anakwenda kukaa tumboni kwako mrefu kama kamba ya kuanikia nguo. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui, kile kifafa kinachohusishwa na nguruwe hakitokani na kula nyama moja kwa moja, kinatokana na mayai ya tegu yanayotoka kwenye choo cha mtu aliyeambukizwa, anatoka chooni hanawi, anashika chakula chako, mayai yanaingia, vifuko vinakwenda kukaa kwenye ubongo. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za Wayahudi wa Orthodox wa New York waliokutwa na vifuko hivyo kichwani, watu ambao nguruwe hawamgusi kabisa kwa dini yao, na chanzo kilichotajwa ni wafanyakazi wa nyumbani waliotoka nchi zenye tegu. Kwa hiyo nikifika sehemu ya kitimoto kitu cha kwanza naangalia ni mpishi ananawa wapi. Hapa kuna bomba karibu na jiko, sabuni ipo, na nimewaona wanaitumia bila kuambiwa. Alama zote.

Sasa sababu hasa ya kuandika hii. Ofisini kwetu tuko mchanganyiko, yupo Mkatoliki, mimi Mlutheri, yupo dada Msabato, na yupo kaka mmoja wa uhasibu tunamwita Ostadhi, swala tano hakosi. Kila mwisho wa mwezi tunatoka pamoja na kila mwisho wa mwezi ugomvi ni uleule, walaji wanataka kitimoto, Ostadhi na dada Msabato, wasiokula nguruwe, wanaishia kunywa soda wakitafuna karanga. Au mbaya zaidi wanaagiziwa chipsi. Naomba niseme kitu kuhusu chipsi kwenye baa za kitimoto. Mafuta ya nguruwe yanabaki mengi kwenye karai, na kuna wapishi hawaoni sababu ya kuyamwaga, wanakaangia chipsi maana zinatoka tamu na gharama inapungua, halafu mteja akiuliza anaambiwa "ni ya alizeti hiyo". Sehemu moja, sitaitaja, nilishuhudia kwa macho yangu kijiko kimoja kinageuza kitimoto kikahamia kwenye kuku, na mhudumu hana hata wasiwasi. Kwa anayekula sio shida. Kwa asiyekula huo ni wizi, tena wizi ambao aliyeibiwa hajui.

Hapa kwa mama wamelimaliza hivi: jiko la kuku, samaki na chipsi haliko ndani. Liko nje ya geti, banda la kijana wa Kiislamu, ana karai lake, mafuta yake, kisu chake na gogo lake, kuku anachinja mwenyewe. Ukiagiza ukiwa ndani anakuletea kwenye boksi la foili na kijiko cha plastiki, hakuna sahani ya mle ndani inayohusika, soda inafunguliwa mezani na mrija juu. Bili mbili, lipa namba mbili. Inaonekana usumbufu ila muulize Ostadhi.

Nilimuuliza kwani sahani ikioshwa vizuri na sabuni kuna nini, akanieleza kwamba kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndio Waislamu wengi wa pwani yetu wanayafuata, nguruwe anahesabiwa kwenye najisi nzito pamoja na mbwa, chombo kikiguswa kikiwa na majimaji kinaoshwa mara saba na mojawapo kwa udongo. Sasa ni baa gani Dar itakuoshea sahani mara saba? Kwa hiyo boksi la foili sio maringo. Na aya zenyewe za Kurani ziko wazi, katazo limerudiwa sehemu nne, Al-Baqara 173, Al-Maida 3, Al-An'am 145 na An-Nahl 115, na humo humo kuna nafuu kwa aliyebanwa na njaa bila kupenda wala kuvuka mpaka. Mkatoliki wetu akadakia "basi Ostadhi sema umebanwa na njaa", Ostadhi akamwonyesha boksi la kuku.

Ile saa nzima ya kusubiri nyama ndio mabishano yanapokolea, na mezani kwetu Ostadhi ndio mpole, mkali ni yule dada Msabato. Ana Walawi 11 kichwani, anakwambia mnyama wa kuliwa awe na kwato zilizopasuka na acheue, vyote viwili, nguruwe kwato anazo ila hacheui, ngamia anacheua ila kwato hana, sungura na wibari vilevile hawafai, na Kumbukumbu la Torati 14 inarudia. Hapo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Watu wanasema Wasabato, Wayahudi na Waislamu wana sheria moja ya chakula, sio kweli, kwenye nguruwe wamekutana wote watatu, ila kwingine wanaachana. Ngamia Myahudi hali, Muislamu anamla, nenda Eastleigh Nairobi utakuta nyama na maziwa yake. Pweza na kamba Msabato hali kwa sababu hawana mapezi na magamba, Ostadhi ukimpeleka Forodhani Zanzibar anawamaliza. Kambare hivyo hivyo. Na Myahudi anayeshika dini ana yake ya ziada hata Msabato hana, nyama na maziwa havikai pamoja, kwa hiyo hata ng'ombe wa halali kabisa ukimwekea jibini juu umeharibu.

Mimi Mlutheri nikatoa ile ya Petro pale Yafa, juu ya dari, nguo kubwa inashuka na wanyama wa kila aina, anaambiwa achinje ale. Nilidhani nimeua mjadala. Dada akaniambia endelea mpaka mstari wa 28 wa Matendo 10, Petro mwenyewe anaeleza maono yalihusu watu, kwamba asimwite mtu yeyote najisi, hakusema ameanza kula nguruwe. Nikakimbilia Marko 7, kwamba kimwingiacho mtu hakimtii unajisi, akasema pale ugomvi ulikuwa wa kula bila kunawa mikono. Nikamwambia basi mstari wa 19 unasemaje, Marko anamalizia kwamba vyakula vyote vimetakaswa, hapo akanyamaza kidogo halafu akasema nyama imekuja. Haikuwa imekuja. Hata hivyo Wakristo wenyewe hatuko kitu kimoja kwenye hili, Waorthodoksi wa Ethiopia hawali nguruwe mpaka leo, ndio maana mgahawa wa Kihabeshi ukiuliza kitimoto utaangaliwa.

Ila kilichonichekesha kuliko vyote ni Mkatoliki. Si mnajua kitimoto inaitwa pia mbuzi katoliki, jamaa anajivunia hilo jina kama cheo. Sasa kwenye Biblia ya Kikatoliki, ambayo ina vitabu vya Wamakabayo ambavyo sisi Walutheri hatuna, ndimo ilimo habari ya mzee Eleazari, Wamakabayo wa pili sura ya 6. Mfalme Antioko anawalazimisha Wayahudi wale nguruwe, mzee ana miaka 90, wanamfungua mdomo kwa nguvu, anatema. Marafiki zake wanamvuta pembeni wanamwambia lete nyama yako ya halali, kula hiyo, jifanye tu unakula nguruwe upone. Anakataa, anasema vijana watadhani Eleazari kwa uzee wake kabadili dini. Anakufa. Sura ya 7 mama na wanawe saba nao wanakufa kwa jambo hilohilo. Yaani wenye mbuzi katoliki ndio wanaitunza stori ya watu waliokufa kwa kumkataa huyo mbuzi. Jamaa alikaa kimya, akasema padri hajawahi kuhubiri hiyo, halafu akaagiza nusu kilo nyingine.

Na hapo kwa Eleazari ndipo mimi napowahukumu hawa wenye baa. Mzee hakukubali hata kuonekana amekula. Sasa wewe unamdanganya mtu mafuta ya chipsi, au ile michezo ya kijinga ya kumlisha rafiki yako halafu mnacheka eti alikuwa nguruwe huyo, aisee mimi hapo urafiki unaisha. Na ule utani wa "Waislamu wanakula gizani" nao umechosha, anayekula gizani ni mambo yake na Mungu wake, wala haimpi mpishi ruhusa ya kumlisha asiyekula. Kwa mama pale nimeona mhudumu anamwambia mteja mgeni aliyekuwa amevaa kanzu, kwa heshima kabisa, "Shikamoo mzee, humu ndani jiko ni la kitimoto, chakula chako kinatoka pale nje, ukipenda meza za nje zipo." Mzee akashukuru akakaa nje. Mauzo hayakupotea na mzee hakudanganywa.

Mengine harakaharaka. Ndizi za kukaanga ni nzuri ila muwe makini, zinakaangwa mle ndani kwenye mafuta ya kitimoto, hawafichi, ila wewe unayekuja na kuku wako wa foili usidokoe. Kachumbari inatoka pande zote mbili, ya kijana wa getini ina ndimu zaidi na mimi naagiza ya kwake hata nikiwa nakula nguruwe. Pilipili ya mbuzi ni hatari. Bia za baridi zipo, bei za kawaida. Choo cha wanaume kinahitaji maombi, mlango haufungi. Muziki ukifika saa mbili usiku hamsikilizani, ukitaka kubishana Walawi nenda mapema. Gari mnapaki barabarani, mlinzi mpe kitu.

Ramadhani mchana hawafungui, wanaanza baada ya futari, usipoteze nauli. Ijumaa za Kwaresima wanafungua ila jiko linakuwa limepoa, Wakatoliki hawali nyama siku hizo, ukienda utapata mbavu nzuri bila foleni. Wikendi ambayo ni balaa ni Jumapili baada ya ibada ya pili, hapo piga simu mapema mama akuwekee kilo yako pembeni, namba yake anakupa mwenyewe ukienda. Na bei ya 14,000 msinishike nayo, homa ya nguruwe ikilipuka mikoani na usafirishaji ukazuiwa kilo inapanda wiki hiyohiyo, ingawa ugonjwa wenyewe haumpati binadamu.

Nyama 9 kwa 10, usafi wa jiko 9, choo 2, jiko la getini 10. Ostadhi mwezi huu ndiye aliyesema turudi kwa mama, anasema yule kijana kuku wake ana tangawizi sana ila anakula.