Nilivyopata kilti ya urefu wangu

Nimevaa kilti, ile sketi ya sufu yenye marinda ya wanaume wa Kiskoti, kwenye harusi mbili hapa Uskoti. Ya kwanza niliikodi, ya pili nikashonesha. Natamani mtu angeniambia kabla sijatoa hata pauni moja kwamba urefu wa kilti hauanzii chini kwenye pindo. Unaanzia juu, pale unapoifungia.

Ile ya kukodi niliiagiza kwa intaneti. Duka liliuliza kimo, saizi ya suruali na namba ya kiatu, basi. Nikaandika 34, maana ndiyo jinzi ninazovaa kila siku. Furushi likafika siku mbili kabla ya harusi, nami nikaifunga pale ninapofunga kikoi nikiwa nyumbani Tanga, chini ya kitovu, kwenye nyonga. Pindo likavuka magoti na kuendelea vidole vinne chini yake, likagusana na soksi. Nilidhani ndivyo inavyovaliwa.

Asubuhi ya harusi baba wa bibi harusi alinitazama, akanishika mkono na kunipeleka chumba cha pembeni. Akaipandisha ile kilti mpaka usawa wa kitovu, na hapo pindo likakaa vizuri kabisa magotini. Lakini mikanda ya ngozi ya kuifungia kiunoni ikagoma. Kiuno cha kitovuni si kiuno cha jinzi. Jinzi inakaa chini, na namba iliyoandikwa kwenye lebo yake mara nyingi haiendani na tepu. Pale juu mimi ni inchi 37, na kilti ya 34 haikuweza kufika. Mzee yule alijaribu mara tatu, kwa upole mwingi, kisha tukairudisha chini. Nikashinda hivyo siku nzima, pindo linanipiga kwenye miundi kila hatua. Kila nikitazama picha za siku ile, jicho linakwenda magotini, kwa sababu hayaonekani.

Shemeji yangu alipotangaza harusi yake nikaamua kushonesha. Karakana yenyewe ni ndogo, ipo Glasgow, na fundi ni mama wa makamo anayeshona kwa mkono. Tartani, yaani kitambaa cha miraba cha kilti, nyingi ni za koo fulani, na kwa kuwa sina ukoo wa Kiskoti nilichagua Black Watch, tartani ya kijani na buluu iliyokolea ambayo mtu yeyote anaweza kuivaa. Rangi tulimaliza kwa dakika tano. Vipimo vilichukua karibu saa nzima.

Aliniambia nisimame wima, nitazame ukutani, nisiinamishe kichwa kuangalia tepu, kwa sababu ukiinama tu kipimo kinabadilika. Akapima kiuno usawa wa kitovu, kisha makalio pale yanapojaa, kisha kutoka kitovuni hadi katikati ya pia ya goti: inchi 24. Baada ya hapo akaniambia nipige magoti sakafuni, mgongo umenyooka, akateremsha tepu tena, kulia na kushoto. Ukipiga magoti hivyo, pindo linatakiwa liishie karibu kabisa na sakafu bila kulala juu yake. Likilala, ni ndefu. Likibaki juu sana, ni fupi, na ufupi nao unasemwa: Mfalme George IV alipozuru Edinburgh mwaka 1822 alivaa kilti fupi na soksi ndefu za rangi ya ngozi, na wachora vibonzo hawakumwacha.

Nilimuuliza kama ingekuwa ndefu angeweza kuikata kidogo. Akanigeuzia kitambaa nione. Pindo la kilti halikunjwi wala halishonwi. Ni ukingo wenyewe kama ulivyotoka mtamboni, kama ukingo mrefu wa kikoi. Ukikata hapo umeiharibu. Kupunguza kunafanywa kutoka juu, yaani afumue kiuno na marinda yaliyoshonwa moja moja ili mistari ya tartani ikutane kana kwamba kitambaa hakikukunjwa. Kilti yangu ina yadi 8 za sufu, zaidi ya mita 7. Hiyo ni kazi ya kuanza upya, ndiyo maana alipima mara mbili.

Nilisubiri wiki kumi na kulipa pauni 480. Ni pesa nyingi, sikatai. Lakini siku ya harusi niliifunga, nikasimama mbele ya kioo, na pindo lilikuwa katikati ya goti mbele na nyuma, soksi zimekunjwa chini ya goti, na ngozi inaonekana katikati. Nikicheza, marinda yalifunguka na kurudi mahali pake. Nilijisikia nimevaa nguo ya watu kwa heshima inayostahili.

Mambo mawili yanaweza kuharibu urefu hata kama kipimo ni sahihi. Mbele kilti inapandana tabaka mbili, na pini inayochomwa hapo ichome tabaka la juu peke yake. Ukichoma yote mawili kitambaa kinavutwa na pindo linakwenda upande. Pia kilti ina uzito, hivyo baada ya saa kadhaa inashuka. Nilikaza bizimu mara mbili usiku ule. Na ukumbini kuna joto, sufu ile haina huruma.

Kama unakodi, nenda dukani ujaribu, na usiondoke kabla hujapiga magoti. Kama huna budi kuagiza kwa mtandao, mwombe mtu mwingine akupime kitovuni na urefu hadi katikati ya goti, uwatumie namba hizo hata kama hawakuziuliza. Karakana yangu haikunipa vipimo kwa maandishi mpaka nilipoomba. Sasa ninayo kadi ndogo kwenye pochi: 37, 40 na nusu, 24.