Uzoefu wangu: Miaka miwili katika gereji ya klabu mjini Berlin

Ninaishi ghorofa ya nne katika eneo la Lichtenberg, mashariki mwa Berlin, na gari langu ni Mercedes-Benz 200 D ya mwaka 1991, toleo linalojulikana kwa namba W124, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ndilo teksi ya kawaida ya Ujerumani. Nimekulia Tanga, katika uwanja wa gereji ya mjomba wangu, ambako magari yalifunguliwa chini ya mwarobaini na nafasi haikuwa jambo la kufikiriwa. Huku nilikuja na spana zangu na mikono inayoijua kazi, na spea za gari hili bado zinapatikana bila shida. Nilichokosa ni mahali pa kujilaza chini ya gari bila kumuudhi mtu.

Mwaka wa kwanza nilijaribu kufanya kama nilivyozoea. Nilibadilisha pedi za breki za mbele kando ya barabara, gari likiwa juu ya stendi mbili, na kazi yenyewe ilikwenda vizuri kabisa. Wiki moja baadaye nilipata barua kutoka kwa wasimamizi wa jengo ikinikumbusha kwamba mkataba wa pango hauruhusu matengenezo ya magari katika eneo la nyumba, na jirani mmoja akanieleza kwa upole kwamba kama ningemwaga oili kwenye lami, hata kidogo, ningeweza kujikuta mbele ya polisi, kwa kuwa oili hupenya hadi kwenye maji ya ardhini. Nilifikiria kukodi banda la kuegeshea, lakini mabanda hayo hukodishwa kwa ajili ya kuegesha tu, na mengi hayana hata soketi ya umeme.

Wakati huohuo gari halikuweza kusubiri. Kila baada ya miaka miwili gari la huku hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima, na langu lilikuwa na jambo la ziada: lilikuwa limetimiza miaka 30, hivyo nilitaka kulisajili kwa namba zenye herufi H mwishoni, ambazo hupewa magari ya zamani yaliyotunzwa vizuri na kubaki karibu na hali yake ya asili. Dizeli ya umri huu haipati kibandiko cha mazingira, kile kinachoonyesha kwamba moshi wa gari si mchafu kupita kiasi, na bila kibandiko hicho huruhusiwi kuingia katikati ya Berlin, ndani ya mzunguko wa reli, ambako masharti hayo yalianza mwaka 2008. Namba za H ndizo zinazokufungulia njia. Kwa hiyo kazi iliyobaki, yaani breki za nyuma, bushi (mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari) na kutu ya chini, ilipaswa kufanywa vizuri, mahali penye mwanga, na gari likiwa limenyanyuliwa.

Nilianza na karakana za kukodi kwa saa, ambazo zipo katika miji mingi ya Ujerumani. Ile niliyoitumia ilinitoza euro 18 kwa saa kwa lifti, yaani mtambo wa kunyanyulia gari, na vifaa maalumu vililipiwa peke yake. Si huduma mbaya, na kwa mtu anayebadilisha oili mara mbili kwa mwaka ningeipendekeza bila wasiwasi. Kasoro yake ni saa ya ukutani. Ukiwa unalipa kila dakika huisafishi sehemu kabla ya kuirudisha, hutazami bomba lililo jirani na lile unalolishughulikia, na bolti iliyogoma unaiona kuwa adui wa mfuko wako. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikiwa nimemaliza kazi na papo hapo nina mashaka nayo.

Klabu niliyojiunga nayo mwanzoni mwa mwaka 2023 siitaji jina, kwa sababu kwa sasa imejaa na watu wanasubiri nafasi. Ni chama kilichosajiliwa kisheria, kama zilivyo klabu za mpira na kwaya za hapa; sheria inataka chama cha namna hiyo kiwe na watu wasiopungua 7 kinapoandikishwa, kiwe na katiba, na kiitishe mkutano wa wanachama. Sisi tuko 34. Tumepanga sehemu ya jengo la zamani la kiwanda, yenye lifti mbili za nguzo mbili, shimo moja la kusimama chini ya gari, nafasi nne za magari ambayo hayahitaji kunyanyuliwa, kompresa, meza ya vaisi, na kabati refu la spana ambalo kila kifaa kimechorwa umbo lake ukutani ili pengo lionekane mara moja. Ada ni euro 55 kwa mwezi, na kila mwanachama hufanya kazi za pamoja saa 12 kwa mwaka, kuanzia kufagia hadi kupeleka mapipa ya oili chafu.

Huruhusiwi kugusa lifti kabla ya kufundishwa. Aliyenifundisha ni mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi ya kuchonga vyuma maisha yake yote, na somo lake la kwanza lilichukua saa nzima bila kufungua hata bolti moja. Alinionyesha jinsi ya kuweka mikono minne ya lifti chini ya sehemu zilizoimarishwa za bodi, kunyanyua mpaka matairi yaachane na sakafu kwa upana wa kiganja tu, kusimama, kulitikisa gari kwa nguvu kutoka nyuma na ubavuni, kutazama tena sehemu zote nne ambako mikono imegusa gari, na ndipo kupandisha. Ukifika juu unashusha kidogo hadi usikie vyuma vya usalama vikikaa kwenye meno yake. Nilimwambia kwamba gari langu lina uzito wa chini ya tani moja na nusu na lifti inabeba zaidi ya mara mbili ya hapo. Alijibu kwamba lifti huwa haianguki, kinachoanguka ni gari lililowekwa vibaya. Mtaalamu wa nje huikagua mitambo hii kila mwaka, na cheti chake kimebandikwa kwenye nguzo.

Tukio lililonifanya niielewe huduma hii, uzuri wake na ugumu wake, lilihusu paipu ya breki ya nyuma kulia. Nilikuwa nimeshika lifti kwa Jumamosi moja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kwa sababu kanuni yetu inataka gari literemke siku hiyohiyo ili mwenzako wa kesho akute nafasi. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ilikuwa imeila paipu ile hadi ikawa na magamba kama ya samaki, na nati yake ya milimita 11, pale inapoungana na mpira wa breki, ilikuwa kipande kimoja na kutu. Niliweka spana ya ringi iliyopasuliwa mdomo, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya nati za paipu, nikavuta polepole. Nati haikutingishika, paipu ndiyo ilianza kujisokota.

Nilimpigia mjomba simu ya video kutoka chini ya gari.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu sogeza hiyo tochi.” Alitazama kwa muda. “Usiivute tena. Ipashe moto.”

Nilimweleza kwamba gari limepakwa nta ya kuzuia kutu chini kote, na kwamba klabu hairuhusu moto bila mtu wa pili aliyeshika kizima moto. Mjomba alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo mzee wa lifti, aliyekuwa amesimama nyuma yangu bila kuelewa hata neno moja la Kiswahili, naye alilisema dakika mbili baadaye kwa Kijerumani: ipake oili ya kupenya, uiache ilale hadi kesho.

Hapo ndipo penye ugumu wa gereji ya pamoja. Chuma kilichoshikwa na kutu kinataka muda, na muda ndiyo kitu ambacho watu 34 wanagawana. Uwanjani kwa mjomba gari lingebaki pale hadi nati ikubali. Hapa kalenda ilikuwa inaonyesha kwamba Jumapili lifti ile ni ya mwanachama mwingine, mama mmoja anayerekebisha Volvo ya zamani, ambaye alikuwa ameshaagiza spea na kupanga siku yake. Niliona haya kumpigia. Nilipompigia, aliniuliza swali moja tu, kama gari linaweza kuteremka na kusukumwa likiwa hivyo. Lilikuwa linaweza, lakini kazi ya nati ingelazimika kuanza upya baadaye. Akasema atachukua shimo, ambalo kwa kazi yake lilitosha, na Jumapili ikawa yangu.

Nati ile ilifunguka kesho yake saa nne asubuhi, kwa mlio mdogo mkavu ambao kila fundi anaujua, lakini paipu yenyewe haikufaa tena. Mzee alitoa kitabuni kipimo chake, akakata paipu mpya ya mchanganyiko wa shaba na nikeli yenye kipenyo cha milimita 4.75, akaniachia mimi kazi ya kuibana mdomo. Nilisahau kuingiza nati kabla ya kuutengeneza mdomo wa pili, kosa ambalo alisema huwapata wote, nikakata na kuanza tena. Mdomo wa paipu za gari hili huvimba kama uyoga mdogo, na ukitazama kwa kioo cha kukuzia lazima uwe duara kamili bila ufa. Wa tatu ndio uliokubaliwa. Kisha tukatoa upepo kwenye breki, yeye akikanyaga pedali na mimi nikifungua skurubu gurudumu kwa gurudumu, tukianza na la mbali kabisa, nyuma kulia, hadi mafuta ya breki yakatoka bila povu. Kanuni ya klabu inasema kazi yoyote ya breki sharti itazamwe na mwanachama wa pili kabla gari halijatoka mlangoni, na ninaiona kuwa ndiyo kanuni bora kuliko zote tulizonazo.

Mzee huyo alijifunza kazi hii kwa lazima. Katika Ujerumani Mashariki watu walisubiri zaidi ya miaka 10 kupata Trabant mpya, gari dogo la huko, na aliyeipata aliitunza kwa mikono yake mwenyewe, kwa spea za kubahatisha, katika mabanda ambayo wakazi waliyajenga kwa kushirikiana. Safu ndefu za mabanda hayo bado zipo katika miji ya mashariki, na Chemnitz, ulipokuwa Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya mwaka 2025, iliyafanya mabanda yake kuwa sehemu ya maonyesho. Ninaamini tabia ya wanachama wetu wakubwa ya kurudisha spana mahali pake na kuuliza “unahitaji mkono?” bila kuombwa ina mizizi huko.

Kuhusu gharama, nitasema kwa kifupi. Kwa breki za nyuma pamoja na paipu, gereji moja ya biashara ilinikadiria euro 780. Mimi nilitumia euro 210 kwa spea. Ada yangu kwa mwaka ni euro 660. Anayefanya kazi moja kubwa kwa mwaka haokoi chochote. Mimi, niliyefanya breki, bushi, shokomzoba na kutibu kutu katika miaka hii miwili, nimeokoa fedha nyingi. Oili chafu haijanisumbua kamwe, kwani huku muuzaji wa oili analazimika kupokea kiasi kilekile cha oili iliyotumika, nawe unatunza risiti tu.

Yapo yaliyoniudhi, na mtu anayefikiria kujiunga mahali popote pa namna hii ayajue. Majira ya baridi ukumbi haupati joto la kutosha na chuma kinauma vidole. Katika mwaka wangu wa kwanza mwanachama mmoja aliliacha gari lake bila injini katika nafasi moja kati ya zile nne kwa miezi mitano, na kamati ilichelewa mno kuchukua hatua, jambo lililotufanya wengine tupange foleni kwa ajili ya kosa la mtu mmoja. Sasa kuna ukomo wa wiki mbili, na uliwekwa kwa kura baada ya mkutano mrefu wenye maneno makali. Soketi ya milimita 10 hupotea, na spana ya kupimia nguvu ya kukazia imewahi kurudishwa kabatini bila kulegezwa, kitendo kinachoharibu kipimo chake. Nilinunua yangu, kwa kuwa bolti za magurudumu ya gari hili hukazwa kwa Nm 110 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu hiyo) na sitaki kukisia.

Kabla ya kulipa ada popote, omba kuiona kalenda ya lifti ya mwezi uliopita, uliza bima ya klabu inafunika nini gari la mwenzako likiharibika, na uliza gari linaruhusiwa kukaa siku ngapi. Majibu ya maswali hayo matatu yatakueleza zaidi ya picha za lifti zinazong’aa.

Gari langu lilipata namba za H katika vuli ya mwaka wangu wa kwanza klabuni. Mkaguzi aliimulika paipu mpya kwa tochi, akaigusa kwa kidole, akaendelea mbele. Nimelipa ada ya mwaka wa tatu. Kazi inayofuata ni bushi za ekseli ya nyuma, ambazo hazijawahi kufunguliwa tangu gari litoke kiwandani, na kwenye kalenda nimeandika jina langu Jumanne na Jumatano mfululizo.