Tuisheni ya kemia ya jioni: elfu tano yangu haikupotea

Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, mtu mzima na kazi yangu, na uzito wa kuungana, yaani gramu za elementi zinazoungana na gramu 8 za oksijeni, ulikuwa umenishinda kabisa. Mwalimu hakuanza na maana ya kukariri. Alichoma utepe wa magnesi ndani ya kikombe cha udongo chenye kifuniko, tukapima kabla na baada. Gramu 12 za magnesi huchukua gramu 8 za oksijeni, kiasi kile kile cha oksijeni kinachoungana na gramu 1 ya hidrojeni. Kumbe 12 ndiyo uzito wenyewe! Shaba ilinichekesha: inazo mbili, 31.75 na 63.5, kutegemea imeungana na oksijeni kuwa oksidi ipi. Mizani yao lakini mbovu, sisi tulipata 13, na viti vinaumiza mgongo. Jumanne narudi.