Boxes: Windows ndani ya Linux kwenye laptopu yako ya kawaida

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Hapa mezani nina HP EliteBook 840 G3. Wengi wenu mnaijua, ndiyo ile laptopu iliyotumika inayojaa kwenye maduka yetu: kioo cha inchi 14, prosesa ya Core i5 kizazi cha sita, memori ya GB 8, SSD ya GB 256. Ni mashine nzuri, bado ina miaka mbele yake. Lakini Windows 11 haiikubali rasmi, kwa sababu upande wa Intel wanaanzia kizazi cha nane, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana wengi mmeniandikia kwamba mmehamia Linux, na karibu kila ujumbe unaishia na swali lilelile: na ile programu yangu moja ya Windows nitaifanyaje?

Jibu langu leo ni Boxes, programu ya bure ya kuendesha mashine pepe, kutoka mradi wa GNOME, wale wanaotengeneza madirisha na menyu za Linux nyingi. Nimeitumia miezi minne, kwenye laptopu hii na kwenye laptopu ya shangazi yangu aliye Tanga. Shangazi ana duka la stesheneri. Mauzo yake yote yako kwenye programu ya stoo aliyotengenezewa na fundi miaka mingi iliyopita, na fundi mwenyewe hapatikani tena. Programu ile inafanya kazi kwenye Windows tu. Nilipomwambia tuweke Linux, aliniuliza, "Baba, na madeni ya watu yataenda wapi?" Kwa hiyo ninachowaonyesha leo kimepita kwenye duka la kweli, lenye wateja wamesimama mlangoni.

Tuanze kwa kuelewana. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na bodi wala nyaya zake, ni programu inayofanya kazi zote ambazo kompyuta ingefanya. Linux hapa ndiye mwenye nyumba, Windows ni mpangaji. Mwenye nyumba anamkatia mpangaji kipande cha memori, kipande cha diski na sehemu ya nguvu ya prosesa, halafu anafunga mlango. Mpangaji akiingiza virusi, kwa kawaida vinaishia chumbani kwake.

Mtambo wenyewe si wa Boxes. Chini kabisa kuna KVM, inayompa mpangaji nguvu ya prosesa, ambayo imo ndani ya kernel, yaani kiini cha Linux, tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007. Juu yake kuna QEMU, inayoigiza vifaa vingine vya kompyuta, aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2003. Hizi ni nyenzo nzito, watu wa seva wanazitumia kila siku. Tatizo lilikuwa mlango wa kuingilia. Ukifungua virt-manager, programu nyingine ya mashine pepe ambayo ni nzuri sana kwa fundi, unakutana na maswali ya aina ya diski, aina ya mtandao, aina ya chipseti. Shangazi angefunga dirisha palepale. Boxes ilikuja na GNOME 3.4 mwaka 2012 kwa ajili ya mtu kama yeye: maswali mengi inajijibu yenyewe, yanayobaki kwako ni machache.

Sasa tazama kioo. Nimefungua Boxes. Hakuna kitu ila kitufe cha kujumlisha pale juu kushoto. Nabofya. Inanipa njia mbili: nipakue mfumo kutoka intaneti, au nichague faili la ISO nililonalo, yaani faili moja lenye mfumo mzima wa kusakinisha. Ushauri wangu, chagua njia ya pili. ISO ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, siku hizi inapita GB 5, na wote tunajua bando likikata katikati inakuwaje. Pakua usiku kwa kivinjari chako, au nenda kwa rafiki mwenye intaneti ya nyumbani ukachukue kwa flashi. Faili likishakuwa mkononi, Boxes inalisoma yenyewe na kutambua ni mfumo gani, inapendekeza memori na diski. Kwa baadhi ya mifumo ya Linux inakuuliza jina lako na nywila tu, mengine inayamaliza peke yake. Fedora, Linux ya aina nyingine, niliiacha ikijisakinisha, nikaenda kula, niliporudi nikakuta imeshakaa.

Hapo ndipo wengi mtafurahi. Lakini wengine hamtafika hapo, na nataka nikae kidogo na ninyi, kwa sababu kikwazo hiki ndicho kinachofanya watu waseme Boxes ni mbovu. Boxes inaweza kukwambia kwamba huduma ya virtualization, yaani uwezo wa prosesa kuendesha mashine pepe, haipatikani, ukaangalie BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla mfumo haujawaka. Au inaanza, lakini inakwenda kwa kujikokota, unabofya sasa kitu kinafunguka baadaye. Sababu mara nyingi ni moja: prosesa yako ina uwezo huo, ila umezimwa kiwandani au na mwenye laptopu wa kwanza. Kwa Intel unaitwa VT-x, kwa AMD unaitwa AMD-V. Kwenye hii HP nazima, nawasha, nagonga F10 mfululizo mpaka BIOS ifunguke. Naenda Advanced, halafu System Options, na huyu hapa: Virtualization Technology VTx. Kisanduku chake kilikuwa kitupu. Naweka tiki, nahifadhi kwa F10, basi. Laptopu nyingine kitufe ni F2 au Delete, na jina la menyu linabadilika, lakini neno la kutafuta ni hilo hilo. Ukitaka kuhakikisha ukiwa ndani ya Linux, fungua terminali uandike lscpu, kisha tafuta mstari wa Virtualization. Ukiona VT-x au AMD-V, uko salama.

Jambo la pili ni memori. GB 8 zinagawanywa, haziongezeki. Windows 10 ya shangazi nimeipa GB 3, zinazobaki ni za mwenye nyumba. Kwa programu ya stoo inatosha kabisa. Lakini ukifungua kivinjari kwenye Linux chenye vichupo ishirini, halafu uiwashe Windows, laptopu itaanza kuhema. Kama una GB 4 tu, nakuambia wazi: usijaribu Windows humu. Ongeza memori kwanza. Na kama unataka Windows 11 kwenye mashine pepe, yenyewe inadai memori ya GB 4, diski ya GB 64 na TPM 2.0, ile chipu ya usalama, kwa hiyo kwa laptopu ya daraja hili mimi siipendekezi.

Windows 10 ya kwenye mashine pepe nayo ni ileile iliyoachwa kuhudumiwa, kwa hiyo ya shangazi nimeizimia kadi ya mtandao kutoka ndani ya Windows yenyewe. Programu ya stoo haihitaji intaneti. Barua pepe, WhatsApp na kila kitu cha mtandaoni anakifanyia upande wa Linux. Na leseni, tafadhali: leseni iliyokuja na laptopu haihamii yenyewe kwenye mashine pepe. Weka bajeti yake mapema.

Ukishasakinisha Windows, kabla hujafanya lolote, weka vifaa vya SPICE vya upande wa mpangaji, vile vinavyoitwa spice-guest-tools. Bila hivyo kioo hakijitanui ukivuta dirisha na huwezi kunakili maandishi huku ukayabandika kule. Ukivisakinisha, kazi inakuwa laini mno. Ongeza na spice-webdavd, ndiyo inayokupa folda ya pamoja. Kwenye mipangilio ya Boxes unachagua folda moja ya Linux, na ndani ya Windows inatokea kama diski ya mtandao.

Kwa nini nasisitiza folda hii? Kwa sababu ya kosa langu, na nalieleza lote ili wewe usilirudie. Boxes ina snapshoti. Unapiga snapshoti, mashine inahifadhiwa ilivyo dakika ile, na siku Windows ikivurugika unairudisha. Mimi nilipiga snapshoti Jumatatu, siku niliyomaliza kumwekea shangazi. Alhamisi akanipigia, programu inagoma kufunguka. Nikamwelekeza kwa simu: bofya hapa, bofya pale, rudisha. Ikarudi, programu ikafunguka, nikajiona fundi. Kama dakika tano hivi baadaye simu ikaita tena. "Baba, mauzo ya Jumanne na Jumatano siyaoni." Yalikuwa yameondoka. Snapshoti inarudisha kila kitu nyuma, na data ulizoandika baada yake zinapotea. Shukrani kwa vitabu vya risiti, tulikaa siku nzima ya Jumapili, yeye anasoma, mimi naingiza, kurasa kwa kurasa. Sitaisahau ile siku, na shangazi hakunisema hata neno moja.

Tangu hapo utaratibu wake ni huu. Kila jioni programu ya stoo inatoa faili la akiba, analiweka kwenye folda ya pamoja, na ijumaa analinakili kwenye flashi anayokwenda nayo nyumbani. Snapshoti ni ya mfumo, data zako ziishi nje ya chumba cha mpangaji. Snapshoti zenyewe zimo ndani ya faili lilelile la diski ya mashine pepe, hivyo SSD ikifa, zinakwenda nayo. Na ukiifuta mashine kwa bahati mbaya, Boxes inaonyesha ujumbe mdogo wenye kitufe cha kutengua. Unakaa sekunde chache tu, kwa hiyo uwe na jicho.

Uchapishaji nao tuliutafutia njia. Badala ya kuhangaika kuunganisha printa ya USB na Windows, ankara anazihifadhi kama PDF kwenye folda ileile, halafu anachapisha kutoka Linux. Hatua moja zaidi, lakini haijawahi kumwangusha.

Sasa, kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali. Zamani Boxes yenyewe iliweza pia kuunganisha na kompyuta nyingine. Kazi hiyo imehamishiwa kwenye programu ya pembeni inayoitwa Connections, iliyoingia na GNOME 41 mwaka 2021. Mimi naona walifanya vizuri, maana watu walikuwa wanachanganya mashine iliyo ndani ya laptopu yao na ile iliyo chumba cha pili. Connections ni nyepesi: unaandika anwani, unachagua RDP au VNC, njia mbili za kuonyesha kioo cha kompyuta ya mbali, unaingia. Upande wa pili, kama ni Linux yenye GNOME ya karibuni, unaruhusu kwenye mipangilio ya Remote Desktop. Kama ni Windows, iwe Pro au toleo la juu yake, kwa sababu Windows Home haipokei wageni wa RDP.

Ndani ya Wi-Fi moja inafanya kazi bila tatizo. Lakini mimi niko Dar, shangazi yuko Tanga, na yeye anatumia intaneti ya laini ya simu. Laini hizi mara nyingi wateja wengi mnachangia anwani moja ya nje, kwa hiyo hakuna mlango wa moja kwa moja wa kufika kwake. Kuna watu watakushauri ufungue mlango wa 3389, ambao RDP hupitia, kwenye ruta. Usifanye hivyo, kuna mitambo inayozunguka intaneti usiku na mchana ikipapasa mlango huo. Mimi nimeweka Tailscale, programu inayounganisha kompyuta zako kwa mtandao wa faragha, kwenye laptopu zote mbili, zinaonana kama ziko chumba kimoja, na Connections naipa anwani ya Tailscale. Kama hilo ni gumu kwako, tumia RustDesk, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, ni namba na nywila tu. Na namba hiyo isomee mtu uliyempigia wewe mwenyewe, umjue na sauti yake. Anayekupigia akidai anatoka benki na kutaka uweke programu ya namna hii, kata simu.

Nani aiache Boxes? Mcheza gemu nzito, aiache. Mhariri wa video, aiache. Na kama unataka simu na kompyuta nyingine za nyumbani zifikie seva iliyo ndani ya mashine pepe, mtandao wa Boxes wa kawaida unamruhusu mpangaji kutoka nje lakini hauruhusu wageni kumfikia, kwa hiyo nenda virt-manager. Lakini kwa mwenye programu moja au mbili za Windows, kwa mwanafunzi anayetaka kujaribu Linux tatu tofauti bila kugusa diski yake, sijaona iliyo rahisi zaidi, na imekuwa bure kila siku niliyoitumia.

Kabla hatujaachana, tazama hili. Hii hapa ni mashine ya majaribio, si ya duka. Nafuta folda nzima ya programu. Naijaribu, haifunguki, mnaona. Naenda kwenye mipangilio, Snapshots, nachagua ile ya asubuhi, narudisha. Kioo kinakuwa cheusi kidogo... na programu hiyo hapo. Nafungua folda ya pamoja upande wa Linux: faili la akiba la leo lipo, halijaguswa.

Ukikwama kwenye BIOS niandikie modeli ya laptopu yako hapo chini, nitakutafutia kitufe chake.